Jina Nililoliacha Kendu Bay

Gesima, Jumapili, Aprili 1956. Asubuhi.

Mvua. Imeanza kabla ya jogoo na haina haraka ya kuisha. Migomba imeinama, ua wote ni tope, nami nimekaa karibu na mlango nikiitazama kama mtu anayetazama basi la watu wengine.

Sina huzuni. Naandika hivyo ili nione neno lenyewe litakavyokaa kwenye karatasi. Mume wangu amezikwa hapo kando ya nyumba, udongo haujashikana bado, nami sina huzuni. Furaha pia sina. Mtu akinigusa mkono najua nimeguswa, basi.

Sijalia hata mara moja.

Wanawake wa huku wanajua kulia. Siku ya mazishi walitoka mbali, hata Nyaramba, wengine walimwona marehemu labda mara moja sokoni, na walilia hadi sauti zikawakauka. Mimi mwenye mume nilikuwa nikiwaza kama sufuria za chai zitatosha. Nilimwona mmoja akinitupia jicho huku amejishika kichwa, analia na kunichunguza kwa pamoja. Kazi mbili kwa wakati mmoja. Nilimhurumia kidogo.

Leo mchana wajane wakongwe wanakuja. Katika ukoo huu mjane mpya hatoki nyumbani, hashiki jembe wala hapandi gari, mpaka wajane waliomtangulia waje waketi naye. Wanamwuliza aliishije na marehemu. Anasimulia, analia, wanalia naye, kisha wanamnyoa nywele na kumwachilia aendelee na maisha yake. Asipolia, wanaondoka na maneno mengine, na maneno hayo huwa hayaishii njiani.

Kwangu mimi maneno hayo ndiyo yatakayoamua habari ya Kemunto, binti yetu. Yuko darasa la kwanza kule mjini Kisii, na hata sasa yuko hapa nyuma yangu anamsomea paka hesabu. Shemeji yangu Ongeri, mdogo wa marehemu, anasema mtoto atabaki Gesima. Ng'ombe za mahari zilitolewa, mtoto ni wa boma hili. Mimi nikitaka kurudi kwa cherehani yangu mjini nirudi, hakuna atakayenifunga kamba, ila nitakwenda peke yangu.

Ongeri si mtu mbaya. Alimlilia kaka yake mbele ya watu bila haya, na jembe la kaburi hakumwachia mtu mwingine. Ubaya ni kwamba amesikia habari za ziwa. Mtu wa mjini alimwambia, hapa hapa matangani, kwamba kaka yake alikuwa akishuka Kendu Bay na mkewe mara kwa mara. Sasa anasema wazi: mtu wa milimani hawezi homa ya huko chini, na aliyempeleka kwenye mbu ni mimi.

Daktari alisema ni malaria. Ongeri hakuhitaji kusikia zaidi.

Ningeweza kukasirika. Naona hasira ingefaa hapa, hata naijua mahali pake ilipokuwa ikikaa, lakini nikienda kuitafuta sikuti kitu.

Ngoja niandike habari ya ziwa, maana wakiniuliza mchana nitakuwa bubu.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini. Jumamosi ofisi ilifungwa saa sita, na mimi nilikuwa nikishona kwenye baraza la duka la Mzee Salim, karibu na soko. Jumamosi nyingine, siku nisizozijua mapema, alikuwa akipita mbele ya baraza akiwa amevaa kofia. Hakusimama wala kunisemesha. Ile kofia tu. Mimi nikifunika cherehani, namwacha Kemunto kwa jirani, nakutana naye kwenye lori la ndizi linaloshuka ziwani. Dereva alituweka mbele kwa sababu marehemu alimwandikia barua zake.

Nilitoka Kisii na sweta. Tukifika Oyugis navua. Kila mara mahali ni pale pale, na kila mara yeye alisema, "Sasa tumefika."

Tulikuwa bado hatujafika, lakini nilielewa.

Kwetu kuna kitu tunachokiita ensoni, heshima ya kuoneana haya. Mtu asiye wa huku atadhani ni jambo dogo. Mimi na mume wangu hapa Gesima hatukuwahi kutembea bega kwa bega. Yeye mbele, mimi nyuma na mzigo. Chakula chake nilikiweka mezani nikatoka. Mbele ya mama yake hatukutazamana usoni kwa muda wa kutosha kujuana hali. Na jina lake sikulitaja. Mke wa ukoo huu hamwiti mumewe kwa jina, humwita baba wa fulani. Alikuwa Ise Kemunto, baba yake Kemunto, na kabla Kemunto hajazaliwa hakuwa na jina kabisa kinywani mwangu. Nikimhitaji, nilikohoa.

Hata mjini ilikuwa hivyo hivyo. Kisii imejaa watu wa nyumbani. Ukicheka na mumeo sokoni asubuhi, mchana cheko lako limeshafika Gesima kabla yako.

Kendu Bay hapakuwa na mtu wetu. Pale watu wa nchi ni Wajaluo, wenye maduka ni Wahindi, na karibu na msikiti kuna nyumba za Waislamu wa zamani, wajukuu wa watu waliokuja na misafara na biashara. Dada yake Mzee Salim, Bi Mwajuma, alikuwa na chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba. Alitupokea mara ya kwanza akatutazama tulivyosimama mbalimbali, akasema, "Hebu karibieni wanangu, hapa hamna mtu wa kumwogopa." Kisha akatuletea samaki mmoja kwenye sahani moja.

Sahani moja. Tuliitazama wote wawili. Sikuwahi kula na mwanamume katika sahani moja tangu nilipokuwa mtoto kwa baba yangu. Yeye ndiye aliyeanza, akachuna shavu la samaki, akaliweka upande wangu.

Siku hiyo hiyo jioni, kwenye mchanga mweusi ule wa pale karibu na gati, aliniambia nimwite jina lake. Kwa Kiswahili alisema, maana kule tulikuwa tukizungumza Kiswahili hata tukiwa wawili, kana kwamba Ekegusii chetu tumekiacha nyumbani kumchunga mtoto. Alisema, "Wewe ita tu. Nani atasikia?" Nilijaribu, nikashindwa, nikacheka. Nikajaribu tena likatoka.

Makori.

Akaitika "naam" kama anaitwa shuleni.

Na mimi aliniita Bosibori. Sijaitwa hivyo na mtu mzima mwingine yeyote tangu niolewe.

Tulienda mara nyingi baada ya hapo. Mimi nilipenda maji, yeye alipenda vitu vya kale. Alinivuta kuangalia msikiti ulivyojengwa, alipapasa milango ya mbao ya maduka ya zamani, alisoma mawe ya makaburi ya watu asiowajua. Mara moja alinipeleka hadi Karungu kwa sababu alikuwa amesikia kwamba zamani, kabla ya barabara kufika, mizigo yote ya Kisii ilishukia pale. Tulikuta mawe ya gati na ghala lisilo na paa. Mimi niliona mbuzi tu. Yeye alisimama pale muda mrefu akaniambia kwamba chumvi ya kwanza aliyoilamba babu yake lazima ilipita hapo. Nilimwambia kama ni chumvi angeweza kunionyesha kule nyumbani jikoni. Alicheka mpaka mbuzi wakatutazama.

Mara nyingine tulipanda meli kwenda Kisumu, tukalala usiku mmoja, tukarudi. Mombasa alisema tutaenda akipata likizo ndefu. Nilishona kabisa gauni la Mombasa. Liko sandukuni, halijavaliwa. Nalifikiria sasa hivi na nalifikiria kama gauni la mteja ambaye hajalifuata.

Kuogelea hakujua. Alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, wimbi dogo likija anaruka nyuma. "Hii maji iko baridi sana, mimi siendi mbele." Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alikuwa anaogopa, basi, na kule aliweza kuogopa bila kuwa mtoto wa kwanza wa mtu.

Jumapili jioni tulipanda lori. Oyugis navaa sweta. Yeye anavaa kofia. Tukifika mjini anashuka kwanza, anatangulia.

Ndilo jambo lenyewe. Kama mbu alikuwa huko, alikuwa huko. Lakini mvua hizi mbu wamepanda hata huku juu, na watu wanaugua ambao hawajawahi kuliona ziwa hata kwa mbali.

Nasikia watu uani. Wamekuja mapema.


Jioni ile ile. Mvua imekatika, bado kuna mwanga.

Wameondoka. Nitaandika kama ilivyokuwa, nisije nikasahau nikadhani niliota.

Walikuja wanne, pamoja na mama mkwe, maana naye ni mjane. Aliyewaongoza ni Bibi Kwamboka, mkongwe kuliko wote, hana meno ila ana masikio. Waliketi kwenye mikeka, mimi katikati, miguu nimenyoosha. Ongeri alibaki nje chini ya ukingo wa paa. Haruhusiwi kuingia, lakini ukuta wa udongo hauzuii sikio la mtu na hakuna aliyejifanya hajui.

Bibi Kwamboka aliuliza kama inavyoulizwa: mwenzetu uliishije naye?

Nikasema vizuri.

Wakangoja. Nikaona wanangoja machozi. Nikajaribu kwa kweli. Nilifikiria jeneza, nikafikiria mikono yake siku za mwisho ilivyokuwa moto, nikafikiria Kemunto akikua hapa bila mimi. Niliviona vyote, vimepangwa vizuri, na hakuna kilichosogea ndani yangu. Mmoja wa wajane akajikohoza.

Ndipo Ongeri akasema kutoka nje, "Mwulizeni alikuwa akimpeleka wapi."

Bibi Kwamboka alimkemea, lakini swali lilikuwa limeshaingia ndani na likakaa nasi pale mkekani. Akalirudia mwenyewe polepole. Mlikuwa mkienda kufanya nini kule chini?

Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo la heshima. Safari ya kazi, mgonjwa, ndugu. Kinywa changu kilifunguka kikasema kitu kingine, tena kwa sauti ya kawaida tu, kama naomba nipishwe njia.

"Makori alikuwa akipenda kuangalia mawe ya zamani."

Nililisikia baada ya kulitamka. Mbele ya mama yake. Mbele ya wajane wa ukoo wake, ndani ya nyumba yake, kaburi liko kando ya ukuta. Yule aliyekuwa akikohoa aliacha. Nilijua nimemaliza mambo yangu yote kwa neno moja, nikawaza kwa utulivu kabisa ni nani atamsuka Kemunto nywele asubuhi za shule.

Bibi Kwamboka alimgeukia mama mkwe. Ilikuwa haki yake kusimama na kutoka, na angetoka, yangekuwa yameisha. Mama alisimama kweli. Alichukua beseni la maji na wembe, vitu ambavyo si vya kushikwa na mama wa marehemu katika desturi hii, akaja nyuma yangu. Akanisukuma kichwa chini. Akaanza kuninyoa.

Alininyoa kimya upande wote wa kulia. Mkono wake ulikuwa mzito na hakuwa na haraka. Kisha, mimi nikiwa nimeinama, yeye yuko nyuma, wala hatuonani uso, akaniuliza.

"Alikuwa anacheka?"

Nikasema, "Nani, Mama?"

"Huyo uliyemtaja."

Nikamwambia ndiyo.

"Anacheka namna gani?"

Nikamwambia alikuwa akicheka bila sauti kwanza, mabega yanatikisika, halafu sauti inatoka mwisho kabisa kama imechelewa. Wembe ukasimama. Mama akasema, "Alicheka hivyo akiwa mdogo. Tangu walipomtoa jandoni sikumsikia tena. Nilidhani kicheko hicho kilimtoka."

Basi nikamwambia. Nilisimulia kila kitu, kichwa kikiwa chini, nywele zangu zinaangukia mapajani. Samaki mmoja kwenye sahani moja. Suruali iliyokunjwa. Mawimbi aliyoyakimbia. Mbuzi wa Karungu na chumvi ya babu yake. Nilisema alivyoitika "naam". Mambo ambayo mke hayasemi mbele ya mama wa mumewe, nikayasema moja baada ya jingine bila haya na bila machozi. Nafikiri Bibi Kwamboka wakati fulani alicheka kidogo kwa habari ya mbuzi.

Maji ya beseni yalikuwa ya baridi, yamekaa nje kwenye mvua. Yaliyokuwa yakinidondokea shingoni yalikuwa ya moto.

Sikuinua kichwa kumtazama Mama. Hilo la heshima nililiweza.

Alipomaliza alinipangusa kwa kanga yake mwenyewe. Ongeri akasema tena kutoka nje, sauti sasa imepungua nguvu, "Na mbu je, Mama?" Mama alimjibu bila kusogea alipo. "Mtoto wa jirani yetu tulimzika mwezi uliopita. Alikwenda ziwa gani?" Nikamsikia Ongeri akivuta pua, kisha hatua zake kwenye tope kuelekea zizini.

Bibi Kwamboka ndiye mwenye kutoa neno la mwisho. Alisema wamekaa nami, wamesikia nilivyoishi na mume wangu, na wao hawana neno na mimi. Akaongeza kwamba tangu azaliwe ameona wajane wakililia waume ambao hawakuwajua hata wanapenda nini. Kuhusu mtoto alimtazama mama mkwe. Mama alisema, "Shule yake iko mjini. Aende na mama yake. Likizo nitamtaka hapa."

Hivyo tu. Kemunto aliendelea kumfundisha paka.

Nimekaa sasa mlangoni, kichwa ni kitupu na upepo unakipata vizuri. Nilidhani likiisha hili nitalia. Bado. Nimejipapasa ndani kama mtu anayetafuta kibiriti gizani, na kibiriti sijakipata, ila angalau leo nimejua nakitafuta. Naogopa kwamba siku moja nitakipata nikiwa kwenye baraza, wateja wamejaa, gauni la mtu liko chini ya sindano. Ikiwa hivyo, basi.

Nimelitaja jina lake tena muda mfupi uliopita, peke yangu, kwa sauti, nikielekea upande wa kaburi. Makori. Hapa Gesima. Kuku mmoja aligeuka, zaidi ya hapo hakuna kilichotokea. Miaka yote ile tulipanda lori mpaka ziwani kwa ajili ya neno hilo.

Kesho kutwa tutaondoka mimi na Kemunto. Sijui nitaweza kuona kofia ya mtu ikipita mbele ya baraza bila kufunika cherehani. Sijui pia kama nitashuka Kendu Bay tena. Bi Mwajuma hajui. Mtu lazima amwambie, na mtu mwenyewe ni mimi.

Nilikuwa nakaribia kufunga hapa, na Mama ameniita kutoka kizingitini kwake ng'ambo ya ua. Hakuwa amenitazama, alikuwa akikung'uta ungo. Aliniuliza kwa sauti ya kuulizia habari za ng'ombe kama kule chini ziwani kuna baridi.

Nimemjibu hakuna, Mama, ukifika Oyugis hata sweta unavua.

Akasema basi, blanketi lake ataliacha nyumbani.